Jina Lililowekwa Mbali: Uandikishaji wa Wakimbizi wa Kibumba na Suala la Amana

Utangulizi

Kibumba iko yapata kilomita 27 kaskazini mwa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru, katika Mkoa wa Kivu ya Kaskazini. Ni mahali pa baridi, penye mawe meusi yaliyotokana na lava ya milima ya Virunga, na maji yake ni haba. Katika maandishi mengi ya historia ya nchi za Maziwa Makuu, Kibumba hutajwa kwa sababu ya vifo vya Julai na Agosti 1994, wakati kipindupindu na kuhara damu vilipowaangamiza wakimbizi kutoka Rwanda. Makala haya yanaiangalia Kibumba kwa upande mwingine, ambao haujapewa uzito unaostahili. Kambi ya Kibumba ilikuwa pia mahali ambapo majina ya watu wengi mno yalikusanywa kwa muda mfupi, yakaondolewa mikononi mwa majirani waliokuwa wakiyamiliki, na kukabidhiwa taasisi ambazo makao yake makuu wenye majina hawakuwahi kuyaona.

Swali linaloulizwa hapa ni la zamani ingawa vyombo vyake vimebadilika. Mtu anapotoa habari zake mwenyewe, yaani jina, wazazi, kijiji alikotoka, watoto alionao na mahali anapolala, akazikabidhi kwa mwenye kuziweka asiyemfahamu, ni nini kinachomfanya amwamini?

Kiswahili kina neno linalofaa kuanzia mjadala huu, nalo ni amana. Katika mila za pwani na katika sheria ya Kiislamu zilizoingia humo, amana ni kitu alichoweka mtu kwa mwenziwe ili kihifadhiwe. Aliyekiweka hujulikana, aliyekipokea hujulikana, mpokeaji haruhusiwi kukitumia bila ridhaa ya mwenyewe, na mwenyewe akikidai lazima arudishiwe. Siri nayo huhesabiwa kuwa amana. Benki za leo zimelirithi neno hilo kwa fedha za wateja, na hapana mteja anayekubali kuambiwa kwamba amana yake haiwezi kutolewa. Kwa habari za mtu mambo yamekuwa vingine. Jina likishaandikwa halirudishwi mfukoni, kwani aliyelitoa angali analo na aliyelipokea analo pia. Ugumu wote wa suala hili umo katika jambo hilo dogo.

Kipande na kitambulisho

Uandikishaji wa watu kwa alama za mwili, pamoja na kumbukumbu kuwekwa mbali na mwenyewe, haukuletwa Afrika Mashariki na kompyuta. Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wananchi waliiita kipande, na neno hilo lingali likitumika Kenya kwa kitambulisho chochote. Hasira juu ya kipande, kodi na kazi za kulazimishwa ndizo zilizomwinua Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake mwezi Machi 1922 kulifuatwa na mauaji ya waandamanaji mjini Nairobi.

Wanahistoria wamekieleza sana kile kikopo, labda kwa sababu kilionekana. Hata hivyo nguvu ya kipande haikuwa shingoni. Ilikuwa katika ofisi kuu ya kumbukumbu mjini Nairobi, ambako nakala za alama za vidole zilihifadhiwa, hata mfanyakazi aliyetoroka shamba la mzungu na kutupa kipande chake aliweza kutambuliwa akishikwa kwingine. Mtu alibeba karatasi, lakini habari zake zilikuwa kwa mwingine. Tofauti hii kati ya kile ambacho mtu amekishika na kile kilichowekwa juu yake yafaa ikumbukwe, maana itarejea.

Nchini Rwanda utawala wa Kibelgiji uliwahesabu watu na kuwapa vitambulisho katika miaka ya 1933 na 1934, na kila kitambulisho kilitaja kama mwenyewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Baada ya uhuru serikali ziliendelea na utaratibu huo huo. Mwezi Novemba 1990 Rais Juvénal Habyarimana alitangaza kwamba utajo wa kabila ungeondolewa, lakini ahadi hiyo haikutimizwa. Kuanzia Aprili 1994 vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa na karani miaka mingi nyuma likatosha kumuua mtu. Mahali ambapo mtu hakuwa na kitambulisho, watumishi wa komini walijua familia za eneo lao na walikuwa na madaftari ya wakazi. Hivyo mtunza daftari hakuwa mbali hata kidogo. Alikuwa jirani.

Watu waliofika Kibumba mwezi Julai 1994 walitoka katika nchi hiyo. Miongoni mwao walikuwamo wauaji waliojua orodha inaweza kufanya nini kwa sababu walizitumia, na walikuwamo wengi zaidi wasiokuwa wauaji ambao walijua hivyo kwa sababu waliziona zikitumika.

Kambi na orodha zake

Kwa makisio ya madaktari waliokuwako, watu kati ya laki tano na laki nane walivuka mpaka na kuingia Kivu ya Kaskazini katika siku chache za katikati ya mwezi huo. Karibu 50,000 kati yao walikufa katika mwezi wa kwanza. Kibumba ilikuwa miongoni mwa kambi zilizopata shida kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa maji yalibidi yaletwe kwa malori, na mwamba haukukubali kuchimbwa vyoo wala makaburi. Katika hali hiyo hakuna aliyeuliza majina. Maiti walihesabiwa kando ya barabara, walio hai walikisiwa kwa macho.

Ugonjwa ulipopungua, chakula kilihitaji utaratibu, na utaratibu ulihitaji orodha. Hapa ndipo kosa la mwanzo lilipofanyika, ingawa ni vigumu kuona ni njia gani nyingine ingefuatwa katika wiki zile. Wakimbizi walikuwa wamejipanga kambini kwa kufuata mikoa na komini walizotoka, na wakuu wa komini walikuwapo pamoja nao. Mashirika ya misaada yaliwapokea wakuu hao kama wawakilishi. Wao ndio waliotoa idadi za watu wao, wao ndio waliopokea chakula kwa jumla, na wao ndio waliogawa. Idadi zilizotolewa zilizidi idadi ya watu waliokuwako. Kilichozidi kiliuzwa au kiliwalisha askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo. Mwezi Novemba 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi hizo kwa sababu halikutaka kuendelea kuwalisha waliofanya mauaji ya kimbari.

Wizi wa chakula umeandikwa na wengi. Jambo lililoandikwa kidogo ni kwamba aliyeshika orodha alimshika mtu mzima. Mkimbizi ambaye jina lake lilikuwa katika daftari la mkuu wa komini yake hakuweza kula pasipo mkuu huyo kupenda, na hakuweza kuondoka kambini bila pengo lake kuonekana. Waliotaka kurudi Rwanda walitishwa, wakapigwa, na baadhi yao wakauawa. Kujiandikisha kurudi kulikuwa ni kutangaza siri mbele ya watu waliokuwa tayari kuua kwa ajili yake. Maneno ya kisheria kama faragha na ridhaa huonekana ya anasa yakisomwa ofisini. Pale Kibumba faragha ilikuwa ni kupata lori la kurudi nyumbani bila jirani wa hema la pili kujua.

Kwa hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilipotaka kuwaandika wakimbizi mmoja mmoja, viongozi wa kambi za Goma walipinga. Kazi hiyo ilifanyika mwanzoni mwa mwaka 1995, wakati ambapo askari wa Zaire wapatao 1,500, waliolipwa na shirika hilo, walikuwa wakiwekwa kulinda kambi. Utaratibu wa shirika hilo kwa uandikishaji wa namna hii ulikuwa umechapishwa katika mwongozo wa mwaka 1994. Watu wote hufungwa ukanda mkononi kwa siku moja, ili pasiwepo wa kuhesabiwa mara mbili, kisha kila familia huandikwa na kupewa kadi, na ukanda hukatwa. Hesabu iliyotokea Goma ilikuwa ndogo kuliko ile iliyokuwa ikidaiwa na viongozi. Kadi iliyopatikana kwa njia hiyo haikumtegemea mkuu wa komini.

Yafaa msomaji atue hapa kidogo, kwa sababu mjadala wa siku hizi kuhusu taarifa binafsi huanza kwa kudhani kwamba kuziweka karibu ni salama na kuziweka mbali ni hatari. Kibumba inapinga dhana hiyo. Mtunza orodha wa karibu ndiye aliyekuwa mwenye njaa ya mamlaka, ndiye aliyejua sura, ndiye aliyeweza kutuma vijana usiku. Karani mgeni, asiyejua Kinyarwanda na asiyekuwa na ndugu wa kulipiza kisasi, aliyeandika jina na kulipeleka katika ofisi ya Goma na kwingineko, alikuwa kinga. Umbali wenyewe ulikuwa ulinzi.

Ila ulinzi huo haukuwa amana. Mkimbizi hakuulizwa kama anataka kuandikwa. Angeweza kukataa, kama vile mtu anavyoweza kukataa kula. Wala hakuambiwa jina lake litafika wapi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, na haikosi mantiki kwamba wenye hatia, na hata wasio na hatia walioogopa kusingiziwa, waliiangalia kila kalamu kwa mashaka. Hofu ya mwenye hatia haina haki ya kuhurumiwa. Ugumu ni kwamba daftari moja lilimwandika yeye na mjane wa jirani yake kwa wino ule ule.

Watoto

Palikuwa na orodha nyingine Kibumba, ambayo ilitafutwa badala ya kuogopwa. Maelfu ya watoto walibaki peke yao baada ya wazazi kufa au kupotezana nao njiani. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine iliwaandika watoto hao, na majina yao yakakusanywa katika hifadhi moja kuu ya kompyuta. Katika tatizo zima la Rwanda waliandikwa watoto zaidi ya 100,000. Kwa wadogo mno, wasiojua majina ya wazazi wala ya vijiji, zilipigwa picha zikaonyeshwa kambini ili mama au shangazi azitambue.

Kazi hii inaonyesha kwa nini habari za mtu haziwezi kutendewa kama dhahabu inayofungiwa sandukuni. Habari za mtoto zikifichwa kabisa mama hatampata. Zikitangazwa kabisa atajitokeza mtu asiye mama. Hapo palihitajika mtunzaji mwenye kujua la kusema na la kunyamazia, na Msalaba Mwekundu, ambao ulikuwa umetunza majina ya wafungwa na waliopotea tangu vita za karne ya 19, ulikuwa na sifa hiyo. Wazazi waliuamini kwa sababu ulirudisha watoto.

Kambi ya Kibumba haikudumu. Katika wiki ya mwisho ya Oktoba 1996 ilishambuliwa, na wakimbizi wapatao 195,000 waliihama kuelekea Mugunga. Katikati ya Novemba kambi ya Mugunga nayo ilivunjika na mamia ya maelfu wakarudi Rwanda kwa miguu. Waandishi wa habari walioingia Mugunga walikuta karatasi za jeshi la zamani zimeachwa, zikiwamo za ununuzi wa silaha kutoka kampuni ya Kiingereza ya Mil-Tec. Waliozitunza hawakukusudia zisomwe na mtu mwingine.

Hifadhi za kompyuta

Baada ya Kibumba mwelekeo ulikuwa mmoja tu, yaani kumwandika mtu mwenyewe na kuweka kumbukumbu mahali ambapo mkuu wa kambi hafiki. Mwaka 2002 UNHCR ilianza kupiga picha za mboni za macho ya Waafghani waliokuwa wakirejea kwao kutoka Pakistan. Mwaka 2004 ilianza kutumia programu yake ya uandikishaji iitwayo proGres. Mfumo wa alama za vidole na mboni ulijaribiwa katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, kisha kuanzia mwaka 2015 ukaenezwa katika nchi nyingi, na kumbukumbu zake huhifadhiwa Geneva. Sababu iliyotolewa ni ile ile ya mwaka 1995. Uganda ilipowaandika upya wakimbizi wake mwaka 2018, baada ya tuhuma kwamba idadi zilitiwa chumvi, hesabu ilishuka kutoka milioni 1.4 hadi kiasi cha milioni 1.1.

Shida za umbali zilionekana baadaye. Mwezi Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za Warohingya walioandikwa Bangladesh zilipelekwa na serikali ya nchi hiyo kwa serikali ya Myanmar, ambayo ndiyo waliyoikimbia, na kwamba wengi walioulizwa hawakujua kama wamelikubali jambo hilo. Shirika la UNHCR lilijibu kwamba ridhaa iliombwa. Ubishi huo una maana kwa mtafiti wa Kibumba. Mtu anapoulizwa maswali mawili kwa pamoja, kama anataka chakula na kama anakubali habari zake zipelekwe kwingine, jibu lake la pili haliwezi kuaminika.

Pigo lililoigusa moja kwa moja kazi ya watoto wa 1994 lilikuja tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipogundua kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika kompyuta zenye kumbukumbu za huduma yake ya kuwaunganisha wanafamilia. Wavamizi walikuwa wameingia tangu Novemba 2021 kupitia tundu la programu lililokuwa bado halijazibwa. Habari za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60, zilikuwa wazi mbele yao. Watu hao ni waliopotea, waliotengana na jamaa zao, na waliofungwa. Kompyuta zenyewe zilikuwa Uswisi, kwa kampuni iliyopewa kazi ya kuzihifadhi. Mkurugenzi Mkuu wa Kamati, Robert Mardini, aliwasihi wahusika hadharani wasizitoe wala kuziuza habari hizo. Ni mara chache mtunza amana kuonekana akimwomba mwizi huruma kwa niaba ya mwenye mali. Kamati hiyo ilijitangaza yenyewe, ilizima mifumo yake, na ilianza kuwatafuta walioguswa ili wajue, wengine wakiwa mahali pasipo simu. Kwa mizani ya amana tendo hilo ni kubwa kuliko ulinzi wenyewe, kwani mtunzaji aliyeibiwa hujulikana uaminifu wake anapokwenda mlangoni kwa mwenye mali kumwambia.

Inafaa kutaja pia kwamba Kamati hiyo hiyo, katika sera yake ya Agosti 2019 kuhusu alama za mwili, ilikuwa imeamua kwamba katika ugawaji wa misaada alama hizo zibaki ndani ya kadi anayoshika mwenyewe, zisiwekwe katika hifadhi yake. Ni kipande kilichogeuzwa kichwa chini. Kilichomo shingoni hakina nakala Nairobi.

Kibumba baada ya 2012

Wenyeji wa Kibumba, ambao mwaka 1994 walikuwa watazamaji wa kambi iliyokata misitu yao, wamekuwa wakimbizi wa ndani mara kwa mara. Vita vya M23 vilipita hapo Novemba 2012 kabla ya Goma kutekwa, na tena mwishoni mwa 2022, wakati maelfu walipokimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma. Huko nao waliandikwa ili wapate chakula.

Serikali ya Kinshasa ilitoa sheria ya mambo ya dijitali tarehe 13 Machi 2023, ambayo ina sehemu ya kulinda taarifa binafsi. Lakini mkataba wa 1946 wa kinga za Umoja wa Mataifa unasema kwamba nyaraka za umoja huo hazigusiki popote zilipo. Kinga hiyo ina sura mbili. Inamzuia mwenye bunduki au waziri asidai daftari, na bila hiyo uandikishaji wa 1995 usingekuwa na maana. Inamzuia pia mkulima wa Kibumba asifike mbele ya hakimu kulalamika kwamba jina lake limetumiwa vibaya. UNHCR ilijiwekea sera ya kulinda taarifa mwaka 2015, ikaipanua mwaka 2022, na humo mtu amepewa haki ya kuona habari zake, kuzisahihisha na kuomba zifutwe. Ombi hilo hupelekwa kwa shirika lile lile linalozitunza.

Goma ilitekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025. Maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliporwa, na kila karatasi iliyokuwa imebaki katika ofisi ya mji huo ilikuwa karibu na mikono isiyokusudiwa. Katika siku zile mtu angeweza kushukuru kwamba daftari liko Geneva au Roma. Mwezi Februari waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa mji waliambiwa waondoke ndani ya saa 72, na wengi wakashika njia ya vijiji vyao vya Nyiragongo, Rutshuru na Masisi wakiwa na mabati na maturubai kichwani.